Siku moja maishani mwangu: printa iliyohama bila kuaga

Saa 12:30 asubuhi. Simu iliita nikiwa bado na hamri mkononi, mbaazi hata hazijapoa. Ni mzee mmoja mwenye ofisi huku Amu, yaani mji wa Lamu, ambaye mimi humwita ami.

"Mwanangu, ile printa imekufa tena, na leo tuna barua za kutoa."

Nikamuuliza kama taa zake zinawaka. Zinawaka. Ukiweka karatasi juu yake, inatoa kopi? Inatoa.

"Basi haijafa, ami. Kompyuta zenu ndizo zinazobisha hodi nyumba siyo."

Usiku wa kuamkia jana stima ilikuwa imepotea mara mbili, na kwa kazi yangu ya ufundi wa kompyuta hilo ni nusu ya jibu.

Saa 2. Ofisi iko Mkomani, katika nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizi ni nene, mara nyingi kiasi cha nusu mita, na waifai ya chini haifiki juu. Mji wa kale wa Lamu uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na mimi sina moyo wa kutoboa ukuta kama huu kwa ajili ya waya. Kwa hiyo kebo ya mtandao niliipitisha zamani kwenye kona ya ngazi, kutoka kwenye rauta, kile kifaa kinachounganisha vifaa vyote vya ofisi, hadi kwa printa ghorofani.

Nilimkuta bi wa masijala anashuka na flashi mkononi. Tangu jana asubuhi kila barua inapanda na kushuka ngazi hivyo, maana printa inasoma flashi bila shida. Ngazi za nyumba zetu unazijua zilivyo wima. Nilimwonea huruma kweli.

Saa 2:30. Kitu cha kwanza sikugusa kompyuta yoyote. Niliifanya printa itoe karatasi ya taarifa zake za mtandao, na hapo ikajieleza: anwani ya IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao, 192.168.1.107. Kisha nikafungua mipangilio yake kwenye kompyuta ya bi. Porti, yaani mlango ambao kompyuta hutumia kuifikia printa, inaelekea 192.168.1.103. Na kwenye foleni zimelala barua 14.

Nikapiga pingi 103, yaani nikabisha hodi kuona kama kuna anayejibu kwenye anwani hiyo. Ikajibu.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Pingi ikijibu, mtu husema njia iko sawa, kisha anaanza kufuta draiva, zile programu za kuendeshea printa, na kuziweka upya hadi adhuhuri. Nikaandika arp -a, amri inayoonyesha ni kifaa gani kimekalia anwani ipi, nikatazama anwani ya MAC ya huyo aliyejibu, nikailinganisha na ile ya kwenye karatasi, yaani zile herufi na tarakimu 12 ambazo printa hutoka nazo kiwandani. Hazifanani hata kidogo. Aliyejibu alikuwa simu ya mtu.

Rauta ndiyo hugawa anwani hizi, na huzigawa kwa muda, kama chumba cha kupanga. Rauta ndogo nyingi zikizimika husahau nani alipewa nini. Stima iliporudi usiku ule, printa ikapewa 107. Asubuhi simu ikaingia, ikapewa 103 iliyokuwa wazi. Kompyuta hazikuambiwa.

Saa 3. Nikaingia ndani ya rauta kwa 192.168.1.1. Inagawa kuanzia 100 hadi 199. Nikachagua 20, iliyo nje kabisa ya mgao huo, na nikaipigia pingi kwanza kuhakikisha hakuna anayeikalia. Kimya. Miaka ya nyuma niliwahi kumpa mteja 120 ndani ya mgao kwa haraka zangu, na baada ya wiki mbili simu ya mgeni ikaichukua. Mteja alipoteza siku nzima ya kazi kwa kosa langu. Sijalisahau.

Kioo cha printa hii ni kidogo, tarakimu unaziingiza kwa mishale, moja baada ya moja: 192.168.001.020. Halafu 255.255.255.0, inayoonyesha mtaa wa printa kwenye mtandao, halafu njia ya kutokea, yaani rauta, 192.168.1.1. Ukikosea moja, unarudi mwanzo. Bi alinisomea, mimi nikabonyeza.

Nikafuta zile barua 14 kwanza, maana nyingi zilishatolewa kwa flashi, na karatasi ni pesa. Kisha kwenye kompyuta zote tatu nikafungua porti mpya ya TCP/IP, yaani ya kupitia mtandao, kuelekea 20. Karatasi ya majaribio ikatoka kwenye ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Bi, stima ikipotea na kurudi, nipigie. Hapo ndipo tutajua."

Saa 7. Swala, wali wa nazi na samaki.

Saa 8:30. Boti hadi Shela, nyumba ya wageni. Hapa printa ilikuwa na anwani ya kudumu tangu mwaka jana, niliiweka mwenyewe, lakini wameletewa rauta mpya inayogawa 192.168.100. Kwa ile 255.255.255.0, mafungu matatu ya mwanzo ya anwani lazima yalingane, na ya printa yamebaki 192.168.1. Ni kama mtaa umehama ikabaki nyumba moja. Kijana wa mapokezi alikuwa ameshaambiwa anunue printa nyingine! Nilichukua dakika 20, nikabandika karatasi ubavuni mwa printa yenye anwani mpya na ile ya rauta. Mwaka jana sikubandika, na ningebandika, huyu kijana angejua pa kuanzia.

Saa 12:15 jioni. Niko pwani naandika daftari: Mkomani 20, Shela 30. Taa zikazimika mji mzima, zikarudi baada ya muda mfupi. Nikasubiri. Simu ikaita.

"Kaka, nilikuwa bado ofisini. Nimetuma barua kutoka huku chini."

"Ehe?"

"Nasikia inatoka."