Mwanga Ambao Haukuwaka

Mwaka 2015 nilikuwa nikihudumia wazee katika makao yao mjini Hamburg, Ujerumani. Ilikuwa kazi ya kuinua watu vitandani, kuwaogesha na kuwaketisha kwenye viti vya magurudumu tangu alfajiri, na kiuno kilikuwa kimeniuma miaka miwili mfululizo ingawa picha za eksirei hazikuonyesha kasoro yoyote. Mama alipopiga simu kutoka Tanga alikuwa akiniuliza, “Mwanangu, hata mtu wa kukukanda huna huko?” Nilikuwa nikiishi peke yangu, nikashindwa kumjibu.

Daktari niliyeelekezwa kwake alikuwa mama wa makamo aliyesomea akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba kwenye sehemu maalumu za mwili. Tangu 2007 bima za afya za umma nchini humo hulipia akupancha ya sindano kwa maumivu sugu ya kiuno, lakini mimi nikiona sindano huzimia, na ndivyo nilivyo tangu utotoni. Tukakubaliana badala ya sindano atumie leza, yaani miali ya mwanga inayoelekezwa sehemu zilezile, ambayo bima haikuilipia, nami nikaitoa fedha hiyo mfukoni bila kinyongo kwa sababu nilikuwa nimechoka kulala nikiwa nimejikunja.

Siku ya tukio ilikuwa mara yangu ya nne. Nililala kifudifudi, sote wawili tukavaa miwani ya kinga, naye akaanza kama kawaida yake: akapapasa mifupa ya uti wa mgongo kwa kidole gumba, polepole, akinihesabia pingili, hadi akafika pale panapouma, kisha akaweka kifaa chenye umbo la kalamu pande zote mbili za kiuno, halafu kwenye kikunjo cha nyuma ya magoti. Leza ya aina hiyo haiunguzi wala haichomi, na mwanga wake hauonekani kwa macho. Mgonjwa husikia tu mlio mdogo kila dakika inapokwisha. Nilisikia milio yote. Katikati ya kazi kiuno kililegea, kama kamba iliyofunguliwa fundo, na nilipoinuka niliweza kuinama na kufunga viatu vyangu mwenyewe.

Daktari alikuwa akikagua kifaa kwa kijikadi kinachong’aa kinapopigwa na mwanga huo. Hakikung’aa. Akachomoa waya, akauchomeka tena, na mara hii kadi ikawaka. Alikaa kwenye kiti, akavua miwani, akaniambia waziwazi kwamba saa ya kifaa ilikuwa ikihesabu lakini mwanga haukuwa umetoka hata kidogo, na kwamba hatachukua malipo ya siku ile.

Nilimwambia kweli nimepata nafuu, sikuwa nikimfurahisha. Hakushangaa. Alinieleza utafiti uliochapishwa mwaka uliotangulia, wa Australia, ambapo wagonjwa 144 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa katika makundi matatu, moja likipewa leza isiyotoa mwanga, na yote matatu yakapata nafuu bila tofauti ya maana. Hata katika utafiti mkubwa wa sindano uliofanyika Ujerumani kwenyewe, wenye wagonjwa 1,162, sindano zilizochomwa mahali pasipostahili zilisaidia karibu sawa na zile halisi, na zote mbili zikashinda matibabu ya kawaida.

Namheshimu daktari yule hadi leo, maana angeweza kunyamaza na mimi nisingejua kamwe. Nilichokihesabu mimi njiani ni dakika: nusu saa nzima nilikuwa nimelala pahali penye joto, mtu akiniuliza panapouma na kusubiri jibu, kidole chake kikitafuta pingili kwa pingili. Kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa amenigusa mgongo isipokuwa kwa haraka.

Wiki iliyofuata nilirudi. Nilimwomba aache kifaa kabatini, anielekeze mazoezi ya kuimarisha kiuno, na kabla ya mazoezi anihesabie zile pingili kama alivyozoea. Miwani ya kinga ilibaki mezani.