Saa Kumi na Moja Zisizoelewana

Ofisini kwetu hapa Dodoma tulikuwa na saa kumi na moja, wala sizungumzii ile ya alfajiri. Kila kompyuta ilikuwa na saa yake: ya mapokezi ilitangulia dakika nne, ya mhasibu ilichelewa dakika saba, na risiti iliweza kuonekana imetolewa kabla ya ankara yake. Mkaguzi alipoligundua hilo, nilipewa wiki moja nirekebishe.

Fundi mmoja wa mjini, ambaye hata hakuomba kuziona mashine zenyewe, alinishauri ninunue betri mpya. Nikanunua kumi na moja, zile bapa za CR2032, kwa elfu thelathini na kitu. Jumamosi nzima nilifungua makasha, nikapuliza vumbi jekundu, nikabadilisha betri, kisha nikazunguka na simu mkononi nikiziweka saa sawa moja baada ya nyingine, nikijiona bingwa. Baada ya majuma mawili zilikuwa zimeshaachana tena. Betri ile kazi yake ni kuitunza saa wakati kompyuta imezimwa. Haiifundishi kwenda sawa. Kinachoiendesha ni kipande cha kwatzi, na kwatzi yenye kosa la sehemu 20 tu katika milioni hupotea karibu sekunde 1.7 kwa siku, yaani inakaribia dakika nzima kwa mwezi. Joto likibadilika, kama linavyobadilika chini ya bati letu mwezi wa Oktoba, mwendo wake nao hubadilika.

Dawa yake ni saa kuuliza, tena kuuliza kila mara. Itifaki ya kuulizana wakati, NTP, iliasisiwa na David Mills, na maelezo yake yalitolewa mwaka 1985. Kompyuta huandika wakati inapotuma swali; seva, yaani kompyuta ya mbali inayotoa wakati, huandika inapolipokea na inapolijibu; kompyuta huandika tena jibu linapofika. Kwa nyakati hizo nne hukadiriwa safari ilichukua muda gani na saa imepotoka kiasi gani, kwa kudhani kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Nilichukua kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo, nikaiwekea mfumo wa Linux na chrony, programu inayotumia NTP, nikaiagiza iulize seva za nje, na zile nyingine kumi na moja ziiulize yenyewe.

Haikufanya kazi. Intaneti ilikuwepo, kurasa zilifunguka, lakini kwenye orodha ya seva, safu ya Reach ilionyesha sifuri tupu. Nilibadilisha seva, nikabadilisha kebo, nikaisakinisha upya programu yote mara mbili, na nikakaribia kumrudia fundi wa betri. Siku ya tatu ndipo nilipoikumbuka ruta: maswali ya NTP hupita mlango wa mtandao wa UDP namba 123, na aliyeiweka ruta yetu zamani aliuziba pamoja na mingine. Nilipoufungua nilikaa nikiitazama safu ile kama mtu anayesubiri uji uchemke: 1, 3, 7, 17, 37, 77, 177, kisha 377. Usidhani ni hesabu ya ovyo. Inaandikwa kwa mfumo wa nane, usio na tarakimu 8 wala 9, na 377 maana yake ni kwamba maswali manane ya mwisho yote yamejibiwa. Kufikia jioni hiyo tofauti ilikuwa milisekunde chache.

Mzee wetu wa ulinzi hakuridhika. Alisema saa sita kamili kivuli chake bado hakijafupika hadi mwisho, hivyo saa zangu zinadanganya. Mzee yuko sahihi kuhusu kivuli. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, nasi tuko karibu na 35.7, kwa hiyo kwa wastani jua letu hufika katikati kwenye saa sita na dakika 37. Wakati wa mtandaoni, UTC, yaani wakati wa pamoja wa dunia, huhesabiwa kwa saa za atomu, na haujaachwa uachane na mzunguko wa dunia kwa zaidi ya sekunde 0.9: tangu 1972 zimeongezwa sekunde 27, na ya mwisho hapa kwetu iliingia muda mfupi kabla ya saa tisa usiku, tarehe 1 Januari 2017.

Aliyebaki ni Mama wa masjala. Miaka yote alikuwa akiirudisha saa yake nyuma kwa saa sita ili isome kama tunavyosema, na ndiyo sababu programu ya akiba iliyaruka mafaili yake ikidhani ni ya zamani. Sasa kila akirudisha, NTP inamrekebisha. Akaja: “Mwanangu, kompyuta yangu imerogwa? Nimefika saa mbili, yenyewe inaniambia nane.”

Hapa naomba nijisifu. NTP hubeba UTC pekee. Kanda ya saa ni suala la maonyesho tu. Saa yetu rasmi ni UTC jumlisha tatu; hesabu yetu ya Kiswahili iko nyuma yake kwa saa sita, yaani UTC kutoa tatu, na hiyo ndiyo saa ya Argentina. Nikamchagulia Buenos Aires. Kioo kikasoma 2:00, mafaili yake yakaanza kunakiliwa, naye akauliza kama watu wa huko nao husema saa mbili. Nikamjibu kuwa wanasema, ila kwa sasa wamelala.