Fremu mbili zinazotazamana

Fremu yangu iko Tandika, Dar es Salaam. Ng'ambo ya barabara, hatua kama ishirini, kuna fundi cherehani mwenzangu, mama wa makamo aliyeanza kazi hii kabla mimi sijajua hata kutunga uzi kwenye sindano. Kwa miaka miwili tulikaa tukitazamana, kila mmoja akihesabu wateja wa mwenzake.

Januari ndiyo ilikuwa inatumaliza. Shule zinafunguliwa, wazazi wanazunguka na vitambaa vyeupe na vya bluu wakitafuta fundi wa haraka. Shati la shule tulikuwa tunashona kwa shilingi 6,000. Mzazi anafika kwangu: "Yule wa ng'ambo kanitajia elfu tano." Nashusha. Kesho yake na yeye anaambiwa hivyo hivyo, anashusha. Tulifika 3,500. Toa vifungo, uzi, kitambaa cha kukazia kola, umeme na kodi ya fremu, nilikuwa nashona mpaka saa sita usiku ili nibaki na nauli. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba wazazi wengine hawakuwa wamekanyaga kwake kabisa. Walitaja bei ya kubuni, nasi tukaamini kwa sababu hatukuwa tunasemeshana.

Kisha nikapata kazi ya sare za sendofu: gauni 36 za kitenge, siku 12, kianzio kimeshalipwa. Mkono wangu uko kwenye kukata. Nikishika chaki na mkasi sina wasiwasi. Ila sikuwa na ovaloki, mashine ya kuzungushia kingo za kitambaa zisichanike nyuzi. Nguo zangu nilikuwa nazibeba kwenye mfuko hadi mtaa wa tatu kuzungushiwa, huku ovaloki ya jirani ikinguruma mbele ya macho yangu. Usiku ule nilipiga hesabu: nikijitahidi natoa gauni mbili kwa siku, yaani 24. Asubuhi nikavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo kulikoni?"

Nilimweleza yote, pamoja na bei niliyoelewana na mteja: 20,000 kwa gauni, zipu na uzi analipia kando. Naamini kutaja bei ile ya kweli ndiko kulikofungua mlango. Ningeificha angekuja kuijua tu, na mambo yangeishia hapo. Alinyamaza, akavuta daftari lake la vipimo, akafungua ukurasa wa nyuma. Tukaandika: kukata 5,000, kushona 11,000, ovaloki, pindo na pasi 4,000. Mimi nakata zote, yeye anamalizia zote, kushona tunagawana nusu kwa nusu. Kwangu ikaja 378,000, kwake 342,000. Tukatia sahihi, mimi na yeye.

Siku ya tatu tukaharibu. Mimi nikikata naacha nusu inchi nje ya chaki kwa ajili ya mshono. Yeye amezoea inchi nzima, akashona hivyo gauni sita. Piga hesabu: mishono miwili ya ubavuni, kila mmoja ukala nusu inchi mbele na nusu inchi nyuma, gauni limepungua inchi mbili kiunoni. Nne tulizifumua. Mbili zilikuwa zimeshapita kwenye ovaloki na kisu kimekata kingo, hakuna cha kurudishia, ikabidi tuongeze kipande ubavuni.

Hapo nusura tuvunjike. Yeye anasema sikumwambia, mimi nasema angeuliza. Tuliacha kazi kidogo, tukanywa chai, tukakubaliana: gauni zile mbili mimi sidai ya kukata, yeye hadai ya kumalizia. Tangu siku hiyo nachora mistari miwili, wa kukata na wa kushona, na nguo haiendi kwenye ovaloki kabla mwingine hajaipitishia tepu. Kazi ilikwisha siku ya kumi na moja.

Wapo wanaosema mkishirikiana, shirikianeni kwa kila kitu. Mimi sikubali. Kila mtu ana kasha lake la fedha na daftari lake la wateja. Tunachochangia ni kazi kubwa, ovaloki, na safari ya Kariakoo kununua uzi, zipu na vifungo kwa jumla, anakwenda mmoja na mwingine anabaki kuangalia fremu zote mbili. Umeme wa mmoja ukiisha, anavuka kumalizia kwa mwenzake.

Sasa tunafikiria mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za vikundi vya wanawake. Hauna riba, na tunataka sana mashine ya kutoboa matundu ya vifungo. Lakini wawili hatutoshi kuwa kikundi. Kuna mafundi watatu tunaongea nao, ila mama kasisitiza kwanza tushone nao kazi moja ndogo, tuone mshono wao na tuone watakavyofanya siku nguo ikiharibika.

Januari iliyopita mzazi mmoja alisimama mlangoni kwangu na kitambaa cheupe. "Yule wa ng'ambo kanitajia elfu tano."

Nikapaza sauti kuvuka barabara: "Mama! Eti umetaja elfu tano?"

Akajibu bila kusimamisha cherehani: "Elfu sita, mwanangu, na vifungo humo humo!"

Mzazi akacheka, akanikabidhi kitambaa. Nikachukua tepu, nikamwita mtoto asogee nimpime mabega.