Radi za Kabare na rada nisiyo nayo

Mwaka 2016 watafiti walitoa orodha ya sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilitangulia. Afrika ikaongozwa na eneo la karibu na Kabare, hapa kwetu mashariki mwa Kongo: radi zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita mraba. Bukavu hakuna aliyeshangaa.

Hesabu hiyo ilitoka kwa TRMM, setilaiti ya Marekani na Japani iliyorushwa 1997. Kila ilipopita, kifaa chake cha radi kilitazama sehemu moja kwa sekunde 90 hivi, basi. Ikachukua miaka mingi kukusanya vipande hivyo hadi picha ionekane. Naiheshimu kazi hiyo, nayo ndiyo inayonilisha kitaaluma. Lakini jirani yangu anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, huniuliza asubuhi, "Mwalimu, leo nianike ao nisianike?" Wastani wa miaka hauanikii mtu samaki.

Swali lake linataka rada ya ardhini, inayoitazama mvua ya leo. Rada hutuma mawimbi, yakigonga matone ya mvua sehemu ndogo hurudi, na muda wa kurudi hueleza umbali. Uzuri wake, na ujanja wake pia, uko kwenye ukubwa wa tone: tone la milimita 2 hurudisha nguvu mara 64 ya lile la milimita 1. Kwa hiyo matone makubwa machache hupiga kelele kuliko manyunyu mengi, na mvua ya mawe huweza kukudanganya kabisa. Rada ya aina ya Doppler huonyesha pia kama matone yanakukaribia au yanakukimbia, ndipo unapoanza kuuona upepo ndani ya wingu.

Tatizo letu ni milima. Rada ukiisimika Bukavu, mita 1,500 hivi, utaelekezaje mawimbi magharibi wakati mlima Kahuzi umesimama na mita zake 3,308? Nyuma yake ni kivuli, na mawingu mengi ya radi hukulia huko huko.

Mwenzangu kazini anasema iwekwe Goma, penye uwanja wa ndege. Mimi nasema Idjwi, kisiwa cha katikati ya Ziwa Kivu. Ng'ambo yake, magharibi, ni Kalehe, ambako mafuriko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 400 Bushushu na Nyamukubi. Yeye ananijibu: umeme wa kuiendesha utautoa wapi? Hapo bado tunabishana.