Niliposhuka Makambako

Mwezi Julai mwaka 2017, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Iringa, nilipanda basi la kwenda nyumbani Uyole, Mbeya, na sikufika. Nilishuka Makambako, karibu nusu ya safari, baada ya kumwambia kondakta mbele ya abiria wote kwamba ninakufa. Sikuwa ninadanganya, kwa sababu ndivyo nilivyoamini kwa moyo wangu wote.

Chanzo chake kilikuwa wiki sita nyuma, katika geto la rafiki yangu pale Kihesa, jioni moja ya baridi mwishoni mwa Mei. Tulikuwa vijana wanne, msokoto wa bangi ukazungushwa, na mimi ambaye sikuwahi hata kuvuta sigara nikavuta pafu nne kubwa, nikizibana kifuani kama nilivyoelekezwa. Dakika chache baadaye moyo ulianza kwenda mbio kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Sauti za wenzangu zilinijia kana kwamba wanazungumza ndani ya pipa, na mikono yangu nilipoitazama ilionekana kuwa ya mtu mwingine. Niliamini nimekwisha. Wenzangu walinimwagia maji kichwani, wakaninywesha maziwa, mmoja akasema bangi ikimkataa mtu imemkataa, na kufikia saa sita usiku kila kitu kilikuwa kimetulia, nikalala.

Laiti ingeishia hapo. Siku ya nne, nikiwa darasani, mzima kabisa na bila moshi wowote mwilini wa kuusingizia, moyo ulianza tena vilevile, na ile hali ya kujiona kwa mbali ikarudi. Nilitoka nje nikijifanya nakwenda msalani, nikakaa nyuma ya jengo nikitetemeka. Tangu siku hiyo hofu haikuwa na ratiba. Ilinijia kwenye foleni ya chakula, kanisani wakati wa mahubiri, na mara nyingi usiku nikiwa ndio kwanza ninapitiwa na usingizi. Nikaanza kuishi kwa kujilinda: nilikaa karibu na mlango popote nilipokuwa, niliacha mpira kwa kuwa kukimbia kuliuamsha moyo, nililala taa ikiwaka. Nilikuwa na saa ya mkononi ya dijitali, ya mkanda wa mpira, na kwa saa hiyo nilipima mapigo yangu kutwa nzima, kidole gumba kikiwa kimebana kifundo cha mkono mpaka ngozi ya mahali pale ikawa nyekundu na laini kama ya mtoto.

Nilikwenda kwenye vituo vitatu tofauti vya matibabu. Nilipimwa malaria, nikapimwa damu na presha, mahali pamoja wakapima hata umeme wa moyo, na kila mahali niliambiwa sina ugonjwa. Kwingine nilipewa dawa za vidonda vya tumbo, kwingine nikaambiwa niache mawazo. Siwalaumu sana, kwa sababu hakuna hata mmoja niliyemwambia kuhusu bangi. Mwaka ule habari za kukamatwa kwa watu wa dawa za kulevya zilikuwa magazetini karibu kila siku, sheria ya mwaka 2015 ilikuwa ikizungumzwa hata na watu wasiowahi kuisoma, nami niliona kwamba nikifungua mdomo nitafukuzwa chuo kwanza na kupelekwa polisi baadaye. Zaidi ya hayo niliogopa jibu lenyewe. Kwetu, kijana aliyevuta bangi akaanza kuona mambo yasiyoeleweka hutajiwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, na jina hilo likishatajwa juu yako, hata ukipona watu hukutazama kwa jicho jingine maisha yako yote. Kwa hiyo nilinyamaza, na ukimya ule, kama ninavyouona leo, ulinidhuru kuliko zile pafu nne.

Siku ya safari nilichagua kiti cha mbele upande wa mlango. Mpaka Mafinga nilikuwa ninajimudu, nikiwatazama wachuuzi wakiinua mabeseni ya karoti na mahindi ya kuchemsha hadi madirishani. Tulipoingia kati ya misonobari ya Sao Hill, ile mistari ya miti inayopita na kupita bila mwisho ilianza kunipa kizunguzungu, nikashika kifundo cha mkono na kutazama saa. Mapigo yalikuwa mia na kumi. Nilipopima tena yalikuwa mia na thelathini. Baada ya Nyororo vidole vilianza kufa ganzi, kisha vikajikunja vyenyewe vikakataa kunyooka, midomo ikawa mizito, nikasema moyoni kwamba hiki sasa ni kiharusi. Nikasimama na kumwambia kondakta anishushe. Aliniomba nivumilie kwa kuwa Makambako hapakuwa mbali, na mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu alinishika bega bila kusema neno mpaka tulipofika. Sikuwahi kumshukuru mzee yule.

Makambako ni mji wa upepo, na mwezi wa saba upepo wake hupenya hadi kwenye mifupa. Nilikaa kwenye benchi la mama lishe mmoja karibu na kituo, begi likiwa miguuni. Aliniamkia "kamwene" kwa Kibena, na alipoona siitiki akaacha kukoroga uji wake, akanitazama vizuri, akauliza kama nina ndugu hapa mjini. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ninaye. Mama yangu mdogo aliolewa Makambako, na alikuwa muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi, sehemu ya miaka hiyo katika wodi ya wagonjwa wa akili. Nilikuwa nimepita kwenye mji wake mara zote hizo nikiona aibu hata kumpigia simu.

Alikuja kwa bajaji akiwa amejitanda khanga mbili juu ya sweta. "Shikamoo, mama," nilisema, na machozi yakanitoka papo hapo. "Marahaba, mwanangu," alijibu, akaviangalia vidole vyangu vilivyojikunja, kisha akamwomba mama lishe kikombe cha chai ya moto kabisa. Akakiweka mikononi mwangu, kikombe cha bati chenye maua ya bluu, ukingo wake umebanduka rangi upande mmoja.

"Usinywe," alisema. "Ipulize ipoe. Pole pole, kama unampulizia mtoto. Pumzi iwe ndefu mpaka iishe yenyewe, halafu ndiyo uvute nyingine kwa pua."

Nilipuliza. Mvuke uliinama, ukasambaa, ukarudi. Nikapuliza tena, yeye akiwa ameketi pembeni yangu akizungumza na mama lishe kuhusu bei ya viazi kana kwamba hakuna jambo kubwa. Chai ilipofika kiasi cha kunyweka, vidole vyangu vilikuwa vimenyooka. Baadaye alinieleza kwamba mtu mwenye hofu hupumua haraka na kwa kina bila kujua, hewa ya kaboni ikapungua kwenye damu kupita kiasi, na upungufu huo ndio unaoleta ganzi, kizunguzungu na misuli ya vidole kukakamaa. Hakikuwa kiharusi. Kilikuwa kimesababishwa na pumzi zangu mwenyewe, na pumzi zilezile zikakiondoa.

Jioni, tukiwa jikoni kwenye mkaa, alinitaka nimwambie kila kitu, nami nikamwambia, kuanzia Kihesa hadi benchi la mama lishe. Hakupiga kelele wala hakushika kichwa. Aliuliza maswali kwa utaratibu wa kikazi. Je, ninasikia sauti za watu wasiokuwepo? Je, ninaona kuna watu wanaopanga kunidhuru? Je, nimewahi kufikiria kujitoa uhai? Je, nimevuta tena tangu siku ile? Yote nilijibu hapana, na ilikuwa kweli. Akaniuliza tena kuhusu ukoo wa baba yangu, maana ukoo wa mama aliujua mwenyewe, kama kuna mtu aliyewahi kuugua akili. Alisema wazi kwamba kama ningejibu ndiyo kwa swali lolote kati ya yale makubwa, usiku ule ule tungekwenda hospitali, kwa sababu wapo vijana ambao bangi huwafungulia ugonjwa wa kweli wa akili, na kwao kuchelewa ni hatari. Sijapenda kamwe kusikia watu wakisema bangi ni majani tu, na nadhani nilianza kutolipenda neno hilo jikoni pale.

Kisha akanieleza kilichonipata, na ninayakumbuka maneno yake kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuwa amenieleza. Kemikali ya bangi huyaongeza mapigo ya moyo, pengine kwa 20 hadi 50 kwa dakika, na mtu anayevuta kwa mara ya kwanza kwa pafu kubwa anaweza kushtushwa na moyo wake mwenyewe. Ulevi wenyewe huisha ndani ya saa chache. "Moshi ulishakuacha siku nyingi, mwanangu," alisema. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe nyoka wako ni moyo kwenda mbio. Kila moyo ukienda mbio, unadhani umerudi geto lile. Na kwa kuwa unakimbia kila mara, hujapata nafasi ya kuona kwamba ni ung'ongo." Alisema shambulio la hofu hupanda, mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi, halafu hushuka lenyewe hata mtu asipofanya lolote, na kwamba mimi nilikuwa sijawahi kulisubiri lishuke hata mara moja.

Nilidhani maelezo yameisha. Akanyanyuka, akafungua mlango wa uani, akaniambia nikakimbie mahali pamoja mpaka atakaposema basi. Nilikataa. Nilimwambia moyo wangu hauwezi. Alinikumbusha kwamba umepimwa kwa mashine na kuonekana mzima, akasimama mlangoni na khanga zake kunisubiri. Nikakimbia palepale kwenye saruji, upepo ukinichoma masikio, kwa muda ambao niliuona kama saa nzima lakini yeye alisema ni dakika mbili. Aliposema basi, moyo ulikuwa ukigonga kifuani kwa kasi ileile ya kwenye basi, jasho, pumzi, kila kitu kilekile. Mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye kifundo cha kushoto. Akaushika, akauondoa, akanikalisha kwenye kigoda.

"Usihesabu. Kaa tu uusikie."

Nilikaa. Hofu ilipanda kweli, nikatamani kukimbilia ndani, lakini mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Niliusikia moyo ukigonga shingoni, masikioni, hata kwenye fizi. Kisha, bila chai wala dawa, ukaanza kupungua. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu niligundua kwamba nilikuwa nimesahau kuogopa kwa muda kidogo, kwa sababu nilikuwa ninamsikiliza jirani akimwita mtoto wake aje kula.

Sitaki mtu adhani kwamba nilipona usiku ule. Ilinichukua karibu miezi minane. Nilirudi Iringa muhula uliofuata nikaonana na daktari wa afya ya akili, safari hii nikisema kweli yote, na hakuniripoti popote. Nilikutana naye mara sita, nikaacha kahawa, nikarudi mpirani kidogo kidogo, na kulikuwa na wiki mbaya ambazo nilijiona nimerudi mwanzo kabisa. Ile hali ya kujiona kwa mbali ndiyo iliyochelewa kuliko zote kuondoka. Lakini nikitakiwa kusema ni lini mambo yaligeuka, nitasema ni pale uani.

Asubuhi yake mama mdogo alinisindikiza kituoni. Kabla basi halijaja aliniomba ile saa ya mkononi. Niliivua, ikaacha alama nyeupe mkononi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Ilikaa kwake hadi Desemba. Alikataa kabisa nikae kiti cha mlangoni, akanitafutia nafasi dirishani katikati ya basi, pembeni ya mama mmoja mwenye mtoto na kapu la kuku wawili, ambako nisingeweza kutoka bila kuwasumbua watu. Hakusema nisiogope. Alisema hofu itakuja, na ikija niikaribishe ikae.

Ilikuja baada ya Igawa, tulipoingia kwenye tambarare ya Usangu na joto likaanza kupanda. Nilipuliza pumzi polepole kama ninapoza chai, nikausikia moyo ukifika shingoni, nikatazama mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa na ng'ombe waliokuwa wakila mabua. Ilishuka kabla ya Chimala. Ilirudi Igurusi, kali kuliko ya kwanza, na kondakta alipouliza kwa sauti kama kuna wa kushuka, maneno yalinifika mdomoni. Mtoto wa yule mama alikuwa amelala, kichwa chake kikiwa kimeniegemea mkono wa kushoto, palepale ilipokuwa saa. Nikanyamaza. Mlango ukafungwa, basi likaondoka.

Uyole kulikuwa na ukungu. Nilimwona mama yangu ng'ambo ya barabara, amevaa koti la marehemu baba, na kabla sijavuka nilimpigia simu mama mdogo.

"Imekuja?" aliuliza.

"Imekuja mara mbili."

"Ulishuka?"

"Sikushuka, mama."

Alikaa kimya kidogo. "Haya," alisema, "mvukie mama yako barabara, umwambie na yeye."