Boljointi za Prado

Wiki nzima gari linagonga mbele kila nikipanda milima ya Amani. Leo fundi kalipiga jeki, kaingiza mtaimbo chini ya tairi, kanyanyua kidogo tu.

Tak! Boljointi ya chini, kile kiungo kinachoshikilia tairi la mbele, inacheza.

Wenye Prado za zamani mnaijua hii. Ya chini ndiyo yenye mzigo, ikichomoka tairi linalala ubavu na gari linapiga magoti palepale.

Dukani Ngamiani nikawekewa mbili kaunta. Moja bei chee, nyingine chapa ya 555 ya Japani, bei juu haswa.

Nikashika pini nikaizungusha kwa vidole. Ya bei chee ikazunguka kama kijiko kwenye chai. Ile nyingine ikagoma, mpaka nikakaza mkono ndipo ikasogea, nzito lakini laini, haikwami popote. Mpira wake mnene, umebana vizuri. Bei niliisahau hapohapo (mke wangu asisome hapa 😅).

Nimefunga kulia na kushoto. Fundi anasema ya kushoto ilikuwa bado nzima. Sawa, ila zote zimekula mawe yaleyale!

Wana Tanga, nyie mnafunga zipi? Na zile zenye nipeli ya grisi (kile kichuchu cha kuingizia grisi) zinadumu kweli?