Tingatinga la Mukuru

Agosti 2023 nilikwenda Nairobi kwenye harusi ya binamu yangu. Harusi ilifana, tukala, tukacheza, yaliyobaki wanayo wenyewe kwenye video. Kilichonikalisha chini niandike ni Jumamosi moja tu, bati moja lenye kutu, na kondakta aliyekataa katakata kwamba picha ni picha.

Mimi kazi yangu ni kuchapa fulana Kariakoo. Mwaka mmoja kabla ya safari nilikuwa nimesoma habari za Wajukuu, kundi la wasanii wa Mukuru, mtaa wa mabanda hapo Nairobi, sehemu za Lunga Lunga, lililoanza 2004. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya documenta yanayofanyika kila baada ya miaka mitano. Huko walijenga kwenye mlango wa ukumbi handaki la mabati yaliyochakaa, ukitaka kuingia sharti upite humo. Mwaka uleule wakapewa tuzo ya Arnold Bode, yenye jina la mwanzilishi wa maonyesho hayo. Nikajisemea, nikifika Nairobi lazima nikayaone hayo mabati kwao.

Shangazi aliposikia alishika kiuno. "Mukuru? Unakwenda kutafuta nini Mukuru, mwanangu?" Nikaacha saa kwake, simu nikaitia kwenye soksi, nikaondoka nikichechemea.

Nairobi Mtanzania usifanye kosa la kuzidisha bei. Siku zile shilingi yao moja ilikuwa kama kumi na saba zetu, na ukishaanza hesabu hiyo huli wala hunywi. Chai ya shilingi hamsini ikigeuzwa haimezeki. Matatu niliyopanda ilikuwa na muziki wa kupasua kifua, nauli ikapanda katikati ya safari kwa sababu kimanyunyu kilianza kudondoka. Nilipouliza, utingo akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeileta mvua.

Niliposhuka nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke kwa wasanii. "Wasanii? Hao nawajua wote, mzae." Tukapita viwandani, tukaingia vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa nyumba za watu wawili, tukaruka mitaro, magoti yangu yakaparuza mabati. Akanishusha mbele ya chumba chenye mlango uliopakwa rangi ya samawati, akachukua mia tatu, akatoweka kabla sijauliza swali.

Mlangoni palikuwa na kijana wa miaka thelathini hivi anaosha brashi kwenye kopo la maziwa. Nikamwuliza kama hapo ndipo Wajukuu. Alicheka mpaka brashi ikamponyoka. "Hao wa Ujerumani wako mbele huko, mbali kidogo. Sisi ni wa hapa tu. Lakini kuingia ni bure."

Nikaingia. Futi kumi kwa kumi, bati juu, bati pembeni. Chini watoto kumi na mmoja wamekaa kwenye mifuko ya simenti, wanachora juu ya makaratasi yaliyotumika upande wa pili. Walimwita yule kijana Ticha. Kulikuwa pia na dada mmoja aliyekuwa anashona mikoba kwa mashine ya mguu, na ndiye, niligundua baadaye, aliyekuwa analipa sehemu kubwa ya kodi. Elfu tatu na mia tano kwa mwezi, na mia tano nyingine za umeme anazolipwa mtu ambaye hakuna anayetaka kujua anautoa wapi. Rangi ni zile za nyumba, masalia ya mafundi. Turubai halisi hawajaligusa kwa miezi. Bei yake, alisema Ticha, ni ya watu wenye kiyoyozi.

Nikamwuliza kama wamekuwepo hapo siku nyingi.

"Hapana. Zamani tulikuwa na mahali pakubwa, huku huku Mukuru, sehemu ya Kwa Njenga. Vyumba viwili na ua. Tingatinga ndiyo ilitumaliza."

Hapo nikaumia. Nikajua anachosema, au nilidhani najua: masoko ya vinyago ya Nairobi yamejaa picha za Tingatinga, twiga na ndege wenye shingo za kukunjamana, na mtalii akishanunua hizo hana haja na mchoraji wa Mukuru. Nikaona sharti nitetee vya kwetu. Nikawaambia, ndugu zangu, msimsingizie marehemu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam 1968, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao, hana shule ya uchoraji wala mfadhili. Miaka minne haikutimia sawasawa akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Waliofuata nyayo zake wako Msasani mpaka leo na wao wenyewe wanalia kwamba kazi zao zinaigwa ovyo. Nilisema kwa hisia, nikasimama hasa. Watoto wakaacha kuchora. Mashine ya cherehani ikanyamaza.

Yule dada akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani huko kwenu tingatinga inachora?"

Aibu iliyonipata sina pa kuiweka. Na si kwamba sikujua. Kwetu pia tingatinga ni mtambo wa kubomolea, hata hayati Magufuli tulimpachika jina hilo. Lakini nilikuwa nimesimama katikati ya picha, na katikati ya picha neno lile kwangu lina maana moja. Ticha alikuwa ameinamia ukuta, mabega yanatikisika. Mtoto mmoja akarudia, "Tingatinga inachora!" na kuanzia hapo darasa likavunjika, ndani ya dakika tano makaratasi yote yalikuwa na mitambo ya njano iliyoshika brashi.

Kicheko kilipokwisha wakanieleza. Novemba 2021 nyumba za Kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara, watu wengi wakabaki kulala nje kwenye uwanja mtupu na mvua zile za mwisho wa mwaka. Wao walitoka na cherehani na mfuko mmoja wa brashi. Ticha aliporudi siku ya pili kutafuta mabati yake, akayakuta yameshapangwa kwa muuza vyuma chakavu. Akayajua kwa michoro iliyokuwa juu yake. Akayanunua kwa kilo.

Alinionyesha. Ameyanyoosha kwa nyundo, ameyakata vipande vya kama mita moja, na juu yake amechora. Kimoja kilinishika: mama amebeba mlango kichwani, mlango wenye kufuli lake limefungwa vizuri, na nyuma yake hakuna nyumba. Kutu ameiacha iwe ndiyo anga.

Akasema elfu nne. Nikasema elfu mbili. Mdomo wa Kariakoo haupumziki. Tukaafikiana elfu mbili na mia tano, akanifungia kwa gunia, na ni hapo nikiwa njiani kurudi ndipo nilipopiga hesabu nikaona sijafikisha hata kodi ya mwezi mmoja. Kwa Wajukuu sikufika. Jioni ilikuwa imeingia.

Basi la kurudi nilikuta kiti changu hakilali na cha mbele yangu hakiinuki. Kondakta akalishika lile gunia, akafungua pembe.

"Bati linalipiwa. Mia nane."

"Hii ni picha."

Akaligeuza nyuma: kutu. Akaligeuza mbele, akamtazama yule mama mwenye mlango kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Bati lililopakwa rangi," akatoa hukumu.

Nikamwambia mabati kama hayo yametundikwa Ujerumani. Akaniambia basi hili linakwenda Dar es Salaam. Abiria wakagawanyika, mama mmoja wa Moshi akasema hata yeye anaona ni bati, lakini ni moja, mwoneeni huruma. Nikatoa mia tano. Buti ilikuwa imejaa, likakaa miguuni pangu na kunikwaruza ugoko kuanzia Namanga.

Usingizi haukuja, nikawa nawaza Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii kilichokuwa katikati ya Dar es Salaam. Ilianza 1972, na George Lilanga, mchoraji na mchongaji aliyekuja kujulikana hadi Ulaya, aliingia pale kwanza akiwa mlinzi. Mjomba alinipeleka nikiwa mdogo, nakumbuka harufu ya mbao na sauti ya nyundo. Jengo lile halipo tena. Kiwanja cha katikati ya jiji kina wenye hesabu zao, na kwa kuwa hakuna aliyelala nje siku lilipoondoka, sikumbuki kama tulipiga kelele. Tunacho kituo cha sanaa cha Nafasi kule Mikocheni tangu 2008, wasanii ndani ya makontena, na kila nikipita huwa nasema nitaingia wiki ijayo. Chumba cha Mukuru nimekijua kwa boda aliyenidanganya; cha Mikocheni kiko daladala moja kutoka kwangu.

Mbezi tulifika usiku, ugoko wangu umevimba. Mbeba mizigo akanirukia, akalipokea gunia, akalipapasa kwa utaalamu.

"Bati moja tu, mzee?" akasema, akichungulia buti. "Mengine yako wapi?"